"Tuna Gari" Siyo Jibu

POSTI YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, lakini hili nisipoliandika sitalala. Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea betri ya gari. Usipite ukidhani ni habari za mafundi, ni habari yako wewe na mwanao.

Kliniki huwa tunamuuliza kila mjamzito: siku ya uchungu utafikaje hospitali? Asiye na gari anafikiria, anataja dereva wa bodaboda, anataja jirani, anasema hela ya nauli kaiweka wapi. Mwenye gari hafikirii hata sekunde. "Sisi tuna gari, nesi." Naandika, tunaendelea na swali lingine.

Nimekaa miaka nikiandika jibu hilo, na sasa nasema wazi: siyo jibu. Sikuulizi kama mna gari. Nauliza kama gari hilo litawaka saa nane usiku, baba akiwa safarini, wewe umeshika kiuno.

Chuoni tulifundishwa kuna kuchelewa kwa aina tatu kunakoua mama na mtoto. Kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hilo la tatu ni letu, tulaumuni, mna haki. Lakini hilo la pili, kwa nyie wenye gari, mara nyingine liko chini ya boneti yenu wenyewe na hakuna anayeliangalia.

POSTI YA 2

Nianze na aibu yangu, msije mkasema nesi anasema wenzake.

Mume wangu alisafiri kikazi, wiki tatu. Mimi kazini naenda kwa daladala, mafuta ghali, gari likabaki limepaki uani. Usiku mmoja mwanangu wa pili, wakati ule ana miaka mitatu, kifua kikabana. Nikahesabu pumzi zake kama ninavyohesabu za watoto wa wenzangu: 56 kwa dakika. Kwa umri ule, ikifika 40 tu tunasema anapumua haraka. Na mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta hewa. Sikuhitaji daktari wa kuniambia.

Nikambeba, nikachukua ufunguo, nikazungusha. Tik, tik, tik, tik. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima. Nikajaribu tena, hata hiyo tik haikuja.

Nilisimama pale uani nimevaa kanga, mtoto begani anakoroma, naita majirani. Mpaka mtu kaamka, mpaka bajaji imepatikana, zilikwisha dakika 40. Mtoto aliwekewa oksijeni, akapona, leo yuko darasa la kwanza. Namshukuru Mungu. Lakini dakika zile 40 bado zipo kichwani mwangu, na hakuna mchawi aliyezileta. Nilizileta mimi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kila Jumamosi nilikuwa naliwasha dakika tano, nazima, narudi ndani nikijiona mama makini.

POSTI YA 3

Sasa tuelewane. Gari lililopaki HALIJALALA. Umezima injini tu. Saa inatembea, alamu inasikiliza, rimoti inasubiriwa, kompyuta ya gari inatunza kumbukumbu. Vyote hivyo vinakula betri usiku na mchana.

Gari zima, lisilo na tatizo, linaweza kula mpaka miliampia 50 likiwa limezimwa, na fundi atakuambia ni kawaida. Kidogo sana, eh? Piga hesabu. Miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2 kwa siku. Kwa wiki ni 8.4. Kwa wiki tatu ni zaidi ya 25. Gari dogo la kutembelea mara nyingi lina betri ya ukubwa wa 40 hivi, tena ikiwa mpya. Ukiondoa 25 kwenye 40, unabaki na nini cha kuzungusha stata? Na kama betri ina miaka mitatu minne, hiyo 40 yenyewe haipo tena.

Hapo sijaongeza vitu vyetu. Kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa moja kwa moja na betri. Redio kubwa iliyofungwa na fundi wa mtaani kwa waya zisizoeleweka. Chaja ya simu iliyosahaulika. Taa ya ndani iliyoachwa na mtoto aliyekuwa anacheza "udereva": taa ya wati 5 inakula karibu ampia 0.4, ukilala saa kumi imekula 4. Taa kubwa za mbele ukizisahau, ndani ya saa chache betri imekwisha kabisa.

Halafu joto. Sisi wa Dar, Tanga, Mtwara na pwani yote, joto linachosha betri kuliko mnavyodhani. Inajimaliza yenyewe haraka hata ikiwa haijaunganishwa na kitu. Na betri ikikaa muda mrefu bila chaji, ndani yake inajenga ugumu ambao ukishazidi, hata uichaji siku nzima hairudi kama zamani.

POSTI YA 4

Najua majibu yenu. Nimeshayasikia yote, mengine nilikuwa nayasema mwenyewe.

"Gari likipaki linapumzika." Hapana. Hilo tumeliona hapo juu, linakula bila kuingiza.

"Nawasha dakika tano kila wiki." Dada yangu, wiki imekula zaidi ya ampia-saa 8. Unawasha, stata inachukua chake, halafu injini inanguruma taratibu hapo hapo, umewasha na feni na redio. Dakika tano zitarudisha nini? Labda moja, au hata haifiki. Ni sawa na mtoto aliyeharisha wiki nzima ukampa kijiko kimoja cha maji Jumamosi, ukasema umemnywesha. Gari liendeshwe, barabarani, nusu saa au zaidi. Na wale mnaoliwasha ndani ya banda lililofungwa, ACHENI. Moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inaua watu wakidhani wamesinzia.

"Likigoma tutasukuma." Gari lako ni otomatiki. Otomatiki halisukumwi likawaka. Na hata lingekuwa la gia za kawaida, nani anasukuma? Wewe mwenye mimba ya wiki 39?

"Ambulansi si zipo?" Zipo, na mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga akipata dharura piga 115, namba ya m-mama, haina malipo. Piga bila aibu. Lakini mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Ukiwa na gari mlangoni, kwa nini dakika zako zianze kuhesabika kwa kumtafuta dereva wa mbali?

"Hayo ni mambo ya baba." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Baba anajua betri, baba anajua fundi, baba anajua waya za kubusti ziko wapi. Sawa. Baba yuko Dodoma. Na nyie akina baba mnaosoma hapa kimya kimya, nawaona: kumnunulia mke gari halafu usimwonyeshe hata boneti inafunguliwaje, hujampa usafiri. Umempa pambo la uani.

POSTI YA 5

Basi tufanye nini? Si mambo makubwa.

Kwanza, gari litoke kila wiki, nusu saa au zaidi, barabarani. Nenda nalo sokoni au kanisani, nenda kamsalimie mama mkwe. Kama mafuta yanakuuma, punguza safari nyingine, hiyo usiifute.

Pili, kila ukipaki, geuka uangalie: taa za mbele, taa ya ndani, buti, milango yote imefunga sawasawa. Chomoa chaja. Na watoto wasicheze ndani ya gari, ufunguo wauone kwa mbali tu. Siyo kwa ajili ya betri peke yake: gari lililofungwa juani ni tanuri, na mtoto akijifungia humo tunampokea sisi akiwa na hali mbaya.

Tatu, pimisha betri. Fundi umeme wa magari ana mita, ni kazi ya dakika mbili. Gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikiwa 12 au chini, usilitegemee gari hilo usiku. Likiwa linaunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Isipofika, altaneta ndiyo haichaji, kubadilisha betri hakutakusaidia. Na kama betri ni nzima ila kila wiki inaisha, mwambie fundi atafute kinachonyonya gari likiwa limezimwa, asikuuzie betri mpya kila mwaka.

Nne, mkisafiri mwezi mzima na gari linabaki, fungua waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Hasi ndiyo inafunguliwa kwanza, na ndiyo inarudishwa mwisho. Kwenye magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Saa na redio vitasahau mipangilio, si kitu. Kama gari lina kifaa cha kufuatiliwa cha mkopo au bima, wajulishe kwanza. Lakini kama nyumbani amebaki mjamzito aliyekaribia, USIFUNGUE. Hapo gari linatakiwa liendeshwe.

Tano, sikiliza. Betri mara nyingi inakuaga kabla haijafa. Stata inazunguka kwa uvivu asubuhi, taa zinafifia ukiwasha. Mnasema "gari la asubuhi lina usingizi." Halina usingizi, linaumwa. Mtoto akianza kulegea hungojei azimie ndipo umlete.

POSTI YA 6

Na kama imeshakufa? Kila nyumba yenye gari iwe na waya nzuri za kubusti, nene, na wewe mama ujue kuzitumia. Magari yote mawili yazimwe. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri. Washa gari zima kwanza, subiri dakika chache, ndipo ujaribu la kwako. Asiwepo mwenye sigara wala kiberiti, betri inatoa gesi inayolipuka. Maji yake ni tindikali: yakiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, halafu njoo hospitali. Usipake maziwa, usipake asali.

Lakini usiku wa dharura, gari likigoma mara ya pili, ACHA. Usisimame unabishana na ufunguo kama nilivyofanya mimi. Ita bajaji, ita jirani, piga simu. Andikeni namba za madereva wawili ukutani leo, hata kama mna gari.

Mwezi huu nimebadilisha swali langu kliniki. Mtu akiniambia "tuna gari", namuuliza: mara ya mwisho limetembea lini, na nani mwingine nyumbani anaweza kuliendesha? Wengi wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Juzi mmoja alicheka, akakaa kimya kidogo, akasema, "Nesi, lina wiki tano."

Hakurudi kwenye benchi moja kwa moja. Alitoka nje kumpigia simu mumewe.

Na wewe, usiandike "asante nesi" kwanza. Chukua ufunguo, nenda kaliwashe. Ukirudi, niandikie hapa chini limewaka au limegoma.