Asili ya Maneno: Jina la Mtu Lililogeuka Kitendo

Wanafunzi wanaojifunza Kiingereza hukutana na neno «boycott». Katika Kifaransa nako husikia «boycotter». Maana yake ni kususa: kukataa kumwuzia mtu, kununua kwake, kumfanyia kazi, au hata kumsalimu. Je, wasomaji wapenzi, mwajua kwamba hapo kwanza neno hilo lilikuwa jina la mtu?

Charles Boycott alikuwa Mwingereza, askari wa zamani. Katika jimbo la Mayo, nchi ya Ayalandi, alisimamia mashamba ya tajiri mmoja, Lord Erne, akikusanya kodi kwa wakulima. Mavuno yalikuwa yamepungua, nao wakulima wakaomba wapunguziwe robo ya kodi. Walipewa sehemu ya kumi tu. Mwezi wa Septemba 1880 Boycott akataka kuwafukuza wasioweza kulipa.

Siku chache kabla ya hapo, mbunge Parnell alikuwa amewashauri watu katika mji wa Ennis wamtenge kila mwenye kuwadhulumu wenzao. Basi wakulima wa Mayo wakafanya hivyo. Vibarua wakaacha shamba la Boycott, watumishi wakaacha nyumba yake, wenye maduka wakakataa kumwuzia. Mwezi wa Novemba watu 50 wakaletwa kutoka kaskazini kumvunia viazi, wakilindwa na askari wapata 1,000. Yasemekana zilitumika pauni 10,000 ili kuokoa mavuno ya pauni 500 hivi. Kabla ya mwaka kwisha, Boycott alihama.

Na neno lilizaliwaje? Redpath, mwandishi wa habari Mmarekani, alisimulia kwamba yeye na Padre John O'Malley, paroko wa mahali pale, walitafuta jina la kukiita kitendo kile. Neno la wasomi lilikuwapo, lakini wakulima wasingalilielewa. Padre akawaza kidogo, akashauri litumike jina la msimamizi yule yule. Mwaka ule ule likaandikwa katika magazeti ya London, kisha likaingia katika lugha nyingine.

Boycott alikufa mwaka 1897. Wanaotamka jina lake leo ni wengi kuliko wanaojua kwamba aliishi. Wazee wetu husema: jina jema hung'ara gizani. Nasi twaongeza: hata lisilo jema halizimiki upesi. Basi tuyatunze majina yetu tungali hai.