Zombi Aliyevaa Koti Jeupe

Sina ugomvi na uongo wa hadithi. Bibi zetu walipotaka kutusimulia habari za sungura na fisi, waliomba ruhusa kwanza, nasi tukaukaribisha uongo kwa jina lake, uje pamoja na utamu wake. Hapakuwa na aliyedanganywa. Sungura alisema, zimwi lilimeza kijiji kizima, mti ulitembea, na asubuhi kila mtoto aliamka akijua kwamba mti hautembei. Hayo ni mapatano ya heshima kati ya msimulizi na msikilizaji.

Ugomvi wangu ni na uongo unaobisha hodi ukiwa umevaa koti jeupe la maabara. Katika tamthilia za televisheni za Marekani, zombi hafufuliwi tena na mchawi. Siku hizi analetwa na virusi, anaelezwa na daktari, na kuna picha za ubongo za kumthibitisha. The Walking Dead ilianza kuonyeshwa mwaka 2010, na msimu wake wa kwanza unamalizikia katika kituo cha kudhibiti magonjwa huko Atlanta. Humo mwanasayansi anawaonyesha wageni wake ubongo wa mtu aliyekufa: kwanza giza tupu, kisha cheche zinawaka upya kwenye shina la ubongo, na maiti anaanza kujongea. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba amefundishwa kitu.

Hajafundishwa kitu. Msuli ni mashine inayokula. Damu huuletea sukari na oksijeni, na kwa vitu hivyo hupata nishati ya kuvuta na, jambo ambalo wengi hawalifikirii, nishati ya kuachia. Ndiyo sababu maiti hukakamaa. Saa chache baada ya moyo kusimama, akiba ya nishati huisha, nyuzi za misuli hushikana na kushindwa kuachana, na mwili huwa mgumu kama ubao. Haulegei ila baada ya siku moja au mbili, na kulegea kwenyewe ni mwanzo wa kuoza. Waosha maiti wanalijua hili bila kusoma kitabu. Kwa hiyo huwahi kumnyoosha marehemu viungo na kumfunga taya. Basi tuseme cheche imewaka kwenye ubongo. Dereva kaamka, lakini gari halina petroli na injini imeshikana. Hata zombi akila watu kumi, chakula kitaozea tumboni mwake, kwa kuwa hakuna damu inayozunguka kukipeleka mguuni.

Na kuoza je? Tamthilia hiyo ilikwenda misimu 11, hadi mwaka 2022, na maiti walewale wanazurura mwaka baada ya mwaka chini ya jua la Georgia. Yeyote aliyewahi kuona mzoga wa ng'ombe porini anajua hesabu yake. Nzi hufika siku ileile, funza hufuata, kisha tai na fisi, na baada ya majuma machache ni mifupa. Kinachoshikilia mfupa kwa mfupa ni nyama na kano. Hizo zikienda, hakuna virusi vitakavyosimamisha mifupa.

Wapo watakaoniambia kwamba nimechagua mpinzani dhaifu, kwa kuwa tamthilia ya The Last of Us, iliyotokana na mchezo wa kompyuta wa mwaka 2013 na kuanza kuonyeshwa Januari 2023, haina maiti. Ina watu hai walioingiwa na kuvu. Nakubali kwamba hiyo imejitahidi zaidi. Kuvu hiyo ipo kweli: humwingia sisimizi wa misituni, humpandisha kwenye mmea, humfanya aume jani na kuling'ang'ania, humuua, kisha huchomoza kutoka kichwani mwake kama kijiti na kumwaga vijimbegu vyake chini. Huko Messel, Ujerumani, limepatikana jani lililogeuka jiwe, la miaka ipatayo milioni 48, lenye alama za kuumwa za namna hiyohiyo.

Lakini tazama kweli yenyewe inavyosema. Kuvu ya aina hiyo imechukua mamilioni ya miaka kumzoea sisimizi, na kila aina huwa na sisimizi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walionyesha mwaka 2017 kwamba seli za kuvu huizunguka misuli ya mwili mzima wa mdudu, bali ubongoni hazimo. Tena kuvu nyingi haziwezi kuishi katika joto la mwili wetu la nyuzi 37. Tamthilia inajibu kwamba dunia ikipata joto, kuvu nazo zitalizoea. Sawa, huenda zikalizoea. Lakini kuzoea joto ni jambo moja, na kumwendesha binadamu kama baiskeli ni jambo jingine kabisa. Anayeruka kutoka la kwanza hadi la pili ameruka korongo akadai amevuka mfereji.

Nitaambiwa pia kwamba upo ugonjwa unaoenea kwa kuuma na kuvuruga akili. Naam, upo, na jina lake ni kichaa cha mbwa. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, walikuta kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, kati ya mbwa mmoja na wawili tu. Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, bila kumuuma yeyote. Kumbe kuuma ni njia ya polepole; haiangushi mataifa kwa juma moja. Lakini inaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi vikiwa Asia na Afrika, na karibu vyote kwa sababu ya mbwa. Chanjo yake ipo tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa, mwaka 1885.

Nimewauliza vijana wengi swali moja: ukiumwa na zombi ufanye nini, na ukiumwa na mbwa ufanye nini? La kwanza wanalijibu kwa ufasaha: kata mkono kabla sumu haijapanda. La pili wanasita. Wengine wananitajia pilipili, wengine mafuta ya taa. Jibu ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, kwani dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Nasi tusijione bora, maana tunaye msukule wetu. Zombi wa asili, yule wa Haiti, ni ndugu yake wa karibu. Hakula watu, kula watu alifundishwa na sinema ya George Romero mwaka 1968. Yule wa Haiti alizaliwa katika mashamba ya watumwa, na hofu yake ilikuwa kutumikishwa hata baada ya kufa. Msukule naye husemwa kwamba hulima usiku shamba la mchawi na kulishwa pumba. Kama hadithi, ni hadithi nzito kuhusu jasho linaloibwa. Lakini anapotolewa hadithini na kuingizwa matangani, mfiwa huambiwa kwamba mwanawe hakufa, ameshikwa. Na aliyeshikwa lazima awe na aliyemshika. Hapo hutazamwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jiko la kuni miaka 50. Huko Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa panga kwa tuhuma za uchawi.

Kwa hiyo namtaka mtunzi achague moja. Akitaka uchawi, aseme uchawi, nasi tutaketi tusikilize. Akitaka sayansi, afuate sheria zake, ikiwamo ile isiyompendeza, kwamba maiti hatembei. Wanaosema "ni burudani tu" nawaomba wakatazame watoto wanaoletwa zahanati siku ya nne baada ya kuumwa, jeraha limepakwa majivu. Maiti waachwe wapumzike, na mbwa wapelekwe kuchanjwa.