Kidonge Hakingoji Gari

Mtu wa Babati akishikwa na maumivu makali ya kifua, yakamlemea kama gunia la mahindi, yakapanda shingoni au mkononi, na jasho baridi likamtoka, jamaa zake husema: ni vidonda vya tumbo, mpeni chai ya tangawizi alale. Sisi twasema: huenda huo ni mshtuko wa moyo, na kumlaza ni kumwacha afe.

Katika ugonjwa huu damu huganda ndani ya mshipa unaoulisha moyo. Nyama ya moyo ikikosa damu hufa, wala haifufuki. Dawa ya kwanza si ya ajabu. Ni aspirini, miligramu 300, itafunwe ili iingie mwilini upesi na kuzuia donge lisikue. Mwaka 1988 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 17,000 wa nchi mbalimbali ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo. Ilipotumika pamoja na streptokinesi, dawa ya kuyeyusha donge, vifo vilipungua kwa asilimia 42.

Je, sisi twaitumia? Waliochunguza wagonjwa wa hospitali mjini Moshi wameona kwamba wengi wenye ugonjwa huu hawakutambuliwa, na aspirini hawakupewa. Basi tusilaumu umbali tu. Ni kweli Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, iko Dar es Salaam, na hata Moshi ni mbali kwa mtu aliyeshikwa usiku Galapo au Dareda. Lakini kidonge hakingoji gari.

Tahadhari ipo. Asipewe anayedhurika na aspirini, anayetapika damu, wala aliyepooza ghafla upande mmoja. Panadoli si badala yake. Tena kidonge si mwisho wa safari: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, apimwe moyo kwa mashine, maana dawa ya kuyeyusha donge hufaa zaidi katika saa za mwanzo.

Twadai kila zahanati ya Babati iwe na aspirini tayari, usiku na mchana, na kila mganga azijue dalili hizi. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapa umaskini si udhuru, kwani kidonge ni cha bei ndogo. Anayeyasaidia maradhi kutuua ni ujinga, na huyo twaweza kumshinda wenyewe, kuanzia leo.