Mkataba wa bahari ya kimataifa unamhusu vipi mzazi wa Nachingwea?

Kama unaishi Nachingwea au Ruangwa, pengine bahari unaiona pale tu unapoteremka Lindi kwa shughuli zako. Kwa hiyo sikulaumu kama Januari 17, 2026 ilikupita kimya. Siku hiyo ulianza kutumika mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe wa baharini nje ya mipaka ya nchi, uliopitishwa Umoja wa Mataifa mjini New York Juni 2023. Mimi ni daktari, si mwanasheria, lakini nakuomba unisikilize kama mzazi, kwa sababu ndani yake kuna suala la dawa.

Kwanza tuelewane kuhusu eneo. Hapa Tanzania tukisema uvuvi wa bahari kuu, kwa kawaida tunamaanisha maji yaliyo ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani, ambayo rasilimali zake bado ni haki ya nchi yetu. Mkataba huu unaanzia pale maji hayo yanapoishia. Huko hakuna mwenyewe, na ni karibu theluthi mbili ya bahari zote duniani. Usitarajie basi kwamba samaki mkavu wa sokoni Nachingwea atashuka bei. Huyo kwa kawaida ni wa pwani yetu wenyewe.

Sasa dawa. Mtoto akipata saratani ya damu, moja ya dawa anazoweza kupewa inaitwa saitarabini. Chanzo chake ni sifongo wa baharini. Miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alimchunguza sifongo wa Bahari ya Karibi, akakuta kemikali ngeni zilizowapa wanasayansi wazo la kutengeneza dawa hiyo maabara. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. (Na kwa kuwa tumeigusa saratani hiyo: mtoto mwenye homa zisizoisha, anayepauka, anayetoka damu puani au kwenye fizi, au anayepata michubuko bila kuanguka, mpeleke hospitali apimwe damu. Usiendelee kumpa dawa za malaria nyumbani.)

Sifongo yule aliishi kwenye maji ya kina kifupi, ambako mpiga mbizi anafika. Vilindi vya kimataifa vina viumbe wengi ambao hawajawahi kuchunguzwa, na kuwafikia kunahitaji meli na mitambo ambayo nchi chache ndizo zinazo. Sheria ya Bahari ya mwaka 1982 haikusema wazi faida ya vinasaba vya viumbe hao ni ya nani. Aliyefika alichukua. Mkataba mpya unataka anayechukua atoe taarifa, na faida igawanywe kwa haki: sampuli, maarifa, teknolojia na fedha. Wenzangu wa Ruangwa, mliosikia habari za madini ya kinywe hadi mkachoka, mnajua maana ya mrabaha na ya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kazi kuanza. Tathmini hiyo nayo imo.

Kwa nini nalishikilia suala la mgawo? Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka huku huku kusini, kwenye uwanda wa Makonde. Kirusi chake kilipatikana kwenye damu ya mgonjwa wa huko, na jina lake, chikungunya, lilitokana na Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja. Jina likazunguka dunia nzima. Chanjo zake zilianza kuidhinishwa ng'ambo mwaka 2023, na hazimo katika ratiba ya chanjo za watoto wetu. Sisemi tuliibiwa. Nasema hapakuwa na sheria iliyotutajia fungu.

Safari hii sheria ipo, ila ina mapengo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza, namna hasa ya kugawana fedha bado haijaamuliwa. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama, ambao unapaswa kuitishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba uanze kutumika, ndio utakaoanza kulishughulikia hilo, na kura ni ya nchi zilizoridhia. Majirani zetu wa Shelisheli waliridhia tangu 2024. La pili ni letu wenyewe: sampuli na taarifa za vinasaba hazimsaidii mtoto yeyote kama nchi haina maabara na wataalamu wa kuzifanyia kazi. Tukienda kwenye mkutano kudai fedha peke yake, tutarudi na hundi ndogo na dawa tutaendelea kuagiza. Mimi ningedai nafasi za vijana wetu ndani ya zile meli za utafiti, na mafunzo ya maabara. Mbunge wako akija kuomba maoni, hilo nalo mwambie, pamoja na la barabara.