Usiuchubue Mkakao

Mgeni afikapo Mwaya huuliza, "Mti gani huu uzaao kiunoni?" Kwa mbali aweza kudhani ni mfenesi mchanga, maana nao hutundika matunda yake shinani. Basi na atazame jani. La mfenesi ni nene, tena ukilikata kikonyo latoa utomvu mweupe kama maziwa. Mkakao hauna utomvu huo. Jani lake ni refu, na machipukizi yake huning'inia yakiwa mekundumekundu, utafikiri yamenyauka. Hayakunyauka, baada ya siku kadhaa hukaza na kuwa kijani.

Sasa tazama shina lenyewe. Utaona vivimbe vidogo. Hapo ndipo vitokapo viua vyeupe, vidogo kama ukucha wa mtoto. Kivimbe kimoja huzaa mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka mingi. Kwa hiyo mtu anayelinyonga tunda kwa mkono mpaka ling'oke, amechukua na maua ya mwakani, tena ameacha kidonda kiingizacho ugonjwa. Kata kikonyo kwa kisu kikali. Mwizi wa usiku hana subira hiyo, ndiyo sababu hasara yake ni kubwa kuliko matunda aliyobeba.

Jambo jingine ni fagio. Twapenda shamba safi, na kwa mpunga ni sawa. Lakini ua la mkakao halitegemei nyuki. Huchavushwa na wadudu wadogo mno, jamaa ya usubi (si wale wa ziwani wapandao juu kama moshi), nao huzaliana katika majani yaliyooza na vipande vya migomba. Ukifagia na kuchoma yote, umewafukuza. Hata wakiwapo, katika maua 100 ni machache tu yatakayofanya tunda. Basi mgomba uliokwisha kuzaa ukate vipande, uviache chini ya mikakao. Tunda lililooza na kuwa jeusi, hilo liondoe upesi ukalifukie mbali.

Tangu ua hata kuiva ni miezi 5 au 6. Tunda la kijani huiva kwa kuwa njano. Yale mekundu ndiyo huwadanganya vijana wetu, kwa sababu ni mekundu tangu uchanga wake. Yangoje mpaka yageuke rangi ya chungwa.