Kumtazama Mwanafunzi: Somo kutoka kwa Wauguzi

Katika majaribio tunayowapa wanachuo, swali moja halikosi kurudi: "Taja dalili tano za mtoto asiyeona vizuri." Wanachuo hulijibu vyema. Huandika kwamba mtoto wa namna hiyo hukunja uso, hulisogeza daftari karibu na pua, hunakili kazi ya jirani, huumwa kichwa, na hupenda kukaribia ubao. Wengi hupata alama zote. Lakini wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, hukaa na mtoto huyohuyo majuma mengi bila kumtambua.

Sisi wakufunzi hatuna haki ya kuwacheka. Siku moja tulikaa nyuma ya darasa tukikagua somo la hesabu. Mbele yetu alikuwapo mvulana aliyekuwa akichungulia daftari la mwenzake kila mwanachuo alipoandika ubaoni. Katika ripoti yetu tuliandika kwamba wanafunzi wa nyuma hawakuwa makini. Baadaye, tulipoyatazama madaftari, tuliona kwamba hesabu zilizosomwa kwa sauti mtoto yule alizifanya zote sawasawa, na zile za ubaoni zilikuwa na makosa yaleyale ya jirani yake. Dalili tuliyoifundisha kwa miaka ilikuwa mbele ya macho yetu, nasi tuliiita utovu wa umakini.

Hoja ya makala haya basi ni moja. Ujuzi wa macho, masikio na mikono haufundishwi kwa imla, wala haupimwi kwa karatasi na kalamu peke yake. Wenzetu wauguzi wamelitambua jambo hilo kabla yetu, na yatupasa kujifunza kwao.

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, mwuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya namna mpya. Waliwachukua wauguzi waliokwisha kuhitimu wakawafundisha kumchunguza mtoto mwili mzima, ili wapate kuwahudumia watoto mahali ambapo madaktari walikuwa haba. Wapo waliopinga, wakisema kuchunguza mwili ni kazi ya daktari. Hata hivyo mbegu ile ilimea. Leo mwuguzi wa nchi ile anayesomea shahada ya uzamili ili ahudumie wagonjwa kwa madaraka makubwa zaidi hana budi kusoma kozi ya juu ya uchunguzi wa mwili, pamoja na ile ya dawa na ile ya namna magonjwa yanavyouathiri mwili.

Tuangalie wanavyofundishwa. Njia za uchunguzi ni nne: kutazama, kupapasa, kugonga kwa vidole, na kusikiliza. Hakuna katika hizo iliyozaliwa na mtambo wa gharama. Kugonga kifua ili kujua kama ndani mna hewa au maji kulielezwa mwaka 1761 na daktari Leopold Auenbrugger wa Vienna, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, mahali ambapo mapipa hugongwa ili kujua kiasi cha mvinyo uliobaki. Stetoskopu nayo ilianza mwaka 1816 mjini Paris kama karatasi iliyoviringishwa, pale daktari René Laennec alipotaka kusikiliza moyo wa mgonjwa bila kuweka sikio lake kifuani. Lakini kitabu cha Auenbrugger hakikupata wafuasi wengi mpaka Corvisart alipokitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1808. Kwa muda wa miaka 47 ujuzi ulikuwapo kitabuni, na mikono ya wengi haikuutumia. Je, hali ya madaftari ya wanachuo wetu si hiyohiyo?

Kwa hiyo mwuguzi mwanafunzi haachwi na kitabu. Kwanza humtazama mwalimu wake akitenda. Pili hujizoeza juu ya mwenzake, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mwuguzi, kisha hubadilishana. Tatu hurudia tendo zima mbele ya mwalimu mwenye orodha ya hatua mkononi. Ndipo aende kwa mgonjwa. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa California, alianza kuwatumia watu wazima wa afya waliofundishwa kuigiza ugonjwa, ili mwanafunzi ajifunze bila kumsumbua mgonjwa halisi. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskochi, walieleza mtihani wa vituo, ambamo mtahiniwa hutoka kituo hadi kituo, na katika kila kimoja hufanya tendo moja mbele ya mtahini. Njia hizo mbili zimeenea katika vyuo vya uganga na vya uuguzi.

Yapo mambo matatu katika ujuzi wao ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyachukua kama yalivyo.

La kwanza ni utaratibu. Mwuguzi huanza kichwani akaishia miguuni, na hulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Hachagui pale panapomvutia. Mwalimu naye asiwapime macho wale tu anaowashuku, kwa kuwa mtoto mpole anayenakili kimya hashukiwi kamwe. Na jicho moja likiwa zima, huficha upungufu wa la pili, hivyo kila jicho lipimwe peke yake.

La pili ni subira ya mkono. Kwa kawaida mwuguzi hutazama, hupapasa, hugonga, kisha husikiliza. Lakini afikapo tumboni hubadili mpango: husikiliza kabla ya kugonga na kupapasa, maana mkono ukitangulia huweza kubadili sauti za matumbo. Mwalimu anayeanza kwa kukaripia amekwisha kuibadili hali aliyotaka kuijua. Mtoto aliyetishwa atasema anaona, hata kama haoni.

La tatu, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, ni uandishi. Mwuguzi hutenga mambo matatu: aliyoyasema mgonjwa, aliyoyaona mwenyewe, na anayoyadhani. Sisi walimu huyachanganya. Twaandika, "Ni mvivu," nayo ni dhana. Lililoonekana huenda ni hili: "Juma hili amelala juu ya dawati mara 3 kabla ya saa nne asubuhi." Na alilolisema, kama angeulizwa, huenda ni hili: "Sijala tangu jana mchana." Neno "mvivu" laweza kumfuata mtoto mpaka darasa la saba. Maelezo ya yaliyoonekana humfikisha kwenye msaada.

Tutafanyaje basi chuoni? Kwa maoni yetu, kila mwanachuo atengeneze vifaa vyake na ajifunze vipimo viwili kwa kutenda.

Kipimo cha macho chahitaji kadi nyeupe, rula na wino mweusi. Mwanachuo achore herufi E ndani ya mraba wa milimita 17.5 kila upande. Mikono yake mitatu na nafasi zake mbili kila kimoja kiwe na upana wa milimita 3.5. Hesabu hii yafuata kanuni ya ubao wa herufi uliotolewa na Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Jicho zima huitambua herufi ya ukubwa huo kwa umbali wa mita 12. Sisi tumsimamishe mtoto mita 6 tu, mahali penye mwanga, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, naye aonyeshe kwa mkono wake mikono ya E inaelekea wapi. Tuigeuze mara 5. Asipoitambua angalau mara 4, apelekwe akapimwe na mtaalamu. Kumketisha mbele ni jambo jema la kuanzia, lakini si dawa.

Kipimo cha masikio hakihitaji hata kadi. Mwalimu asimame nyuma ya mtoto kwa urefu wa mkono, ili mtoto asisome midomo. Mtoto azibe sikio moja kwa kidole akikisuguasugua taratibu. Mwalimu anong'one tarakimu tatu, naye mtoto azirudie. Kisha sikio la pili.

Baada ya hapo uwepo mtihani wa vituo vitano, dakika 5 kila kimoja: kupima macho, kupima masikio, kumhoji mtoto kwa maswali yasiyomtia jibu mdomoni, kuandika taarifa inayotenga kauli, tukio na dhana, na kumweleza mzazi. Katika kituo cha mwisho mkufunzi aigize mzazi anayekasirika, anayesema, "Mwalimu, mwanangu si kipofu!" Mwanachuo asiyewahi kuisikia sentensi hiyo chuoni ataisikia kwa mara ya kwanza mlangoni mwa ofisi, peke yake.

Tunajua watakaotupinga. Wapo watakaosema mwalimu si mganga. Ni kweli, wala hatutaki awe mganga. Mwalimu asitaje ugonjwa, asitoe dawa, asimvue mtoto nguo, wala asiseme mbele ya darasa yale aliyoyaona. Mwuguzi mwenyewe hufunzwa kuomba ridhaa, kufunga pazia na kutunza siri. Kazi ya mwalimu ni kusema, "Mtoto huyu hakuitambua herufi kwa jicho la kushoto," na kumwomba mzazi ampeleke kwenye zahanati.

Wengine watasema madarasa yetu ni makubwa. Tuhesabu. Tukimpa kila mtoto dakika 2 kwa macho, darasa la wanafunzi 60 litachukua dakika 120. Mwalimu akipima watoto 6 kwa siku, atatumia dakika 12 kila siku, naye atamaliza kwa siku 10 za masomo. Yupi kati yetu hapotezi dakika 12 kwa siku akirudia maelezo kwa mtoto asiyeyaona wala kuyasikia?

Upo mpingaji wa tatu, ambaye ni mgumu zaidi, nasi hatutamficha. Huuliza: mtoto akigunduliwa, miwani itatoka wapi? Zahanati nyingi haziwezi kumpa, na wazazi wengi hawana fedha. Hatuna jibu la kumtosheleza. Lakini twaamini kwamba kujua bila miwani ni afadhali kuliko kutokujua. Mwalimu anayejua ataandika kwa herufi kubwa, atasoma kwa sauti kila anachoandika, na ataiweka hoja mbele ya kamati ya shule akiwa na orodha ya watoto mkononi. Na zaidi ya yote, hatamwadhibu mtoto kwa kosa la macho yake.

Ndugu wanachuo, msingoje mtaala ubadilike ili mwanze. Kadi ile yaweza kuchorwa jioni hii, na mwenzako wa bwenini aweza kuwa mtu wako wa kwanza kumpima. Nasi wakufunzi tuanze na ripoti zetu za ukaguzi. Kabla ya kuandika kwamba mtoto wa nyuma si makini, tuinuke kwenye viti vyetu, twende tukakae penye dawati lake, na tuutazame ubao kutoka hapo.