Hiyo Duara ni ya Shilingi Ngapi?



Leo tunasema jambo ambalo limetukaa kooni. Sisi wa kujitolea ndio tunaotafsiri kwenye mafunzo. Juzi tulikuwa chini ya mwembe, akina mama wamejaa kwenye mikeka, na mwalimu wa shirika moja (jina tunaliacha) amekuja na gari kutoka Arua mjini. Akachora duara ubaoni, akaligawa vipande: hiki cha chakula, hiki cha akiba, hiki cha dharura. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba shida yetu wakimbizi ni kutojua kupanga matumizi. Na sisi tukatafsiri, neno kwa neno, mbele ya mama zetu wenyewe.

Mama mmoja akanyanyua mkono: "Mwanangu, hebu muulize, hiyo duara ni ya shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akaendelea na somo. Swali halikujibiwa mpaka leo. Basi tunalijibu sisi.

Waliofika Senior Five wakasoma uchumi wanakumbuka somo la mtumiaji. Kitabu kinasema hivi: kila kitu unachonunua kinakupa manufaa, lakini kila unavyoongeza kitu kilekile, manufaa ya kile cha mwisho yanapungua. Sahani ya kwanza ya posho inakuokoa. Ya tatu unaila tu kwa sababu ipo. Kwa hiyo mtu mwenye pesa kidogo anaigawa mpaka shilingi yake ya mwisho impe manufaa sawasawa, iwe imeenda kwa chumvi, kwa sabuni au kwa mkaa. Akiona shilingi ya sabuni ingemfaa zaidi kwenye chumvi, anaihamisha. Ni hilo tu. Wanafunzi wanalichorea mistari, wanalifanyia mtihani.

Sasa mtazame mama wa Lobule siku ya mgao. Amepewa mahindi ya punje. Punje hailiwi hivyo, lazima iende mashineni, na mashine inataka pesa. Watoto hawawezi kula posho tupu mwezi mzima. Mmoja amefukuzwa shule kwa kukosa daftari. Sabuni imekwisha. Mama anafanya nini? Anauza beseni moja au mawili kwa mchuuzi anayepeleka Koboko. Analipa kusaga, ananunua chumvi, sabuni, dagaa kidogo, daftari mbili. Mahindi yamepungua, ndiyo, lakini nyumba imepona zaidi kuliko kama angebaki na gunia zima. Mama huyu hajawahi kusikia neno "manufaa ya mwisho", na hesabu ameipata yote.

Halafu anakuja mtu na kalamu: "Anauza msaada. Maana yake hana njaa."

Jameni! Anauza kwa sababu kapu lilipangwa na watu ambao hawakumuuliza anakosa nini.

Na si sisi wa kwanza. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, R. A. Radford, aliyefungwa kama mateka wa vita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Italia na baadaye Ujerumani. Mateka walikuwa wanapata vifurushi vya Msalaba Mwekundu, kila mtu karibu sawa. Asiyevuta sigara alibadilisha sigara zake kwa chakula, na Masingasinga wasiokula ng'ombe walibadilisha nyama yao ya kopo kwa vitu vingine. Sigara zikawa pesa ya kambi, bei zikapanda na kushuka kama sokoni. Mwaka 1945 Radford aliandika makala kuhusu hayo, na mpaka leo inasomwa vyuoni kama mfano mzuri wa jinsi soko linavyozaliwa. Afisa wa Kizungu akiuza kopo la msaada, ni somo la uchumi. Mama Mkongo akiuza beseni la mahindi, ni udanganyifu. Tofauti iko wapi?

Tuje kwenye duara lenyewe. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao Uganda hadi asilimia 70. Februari 2021 ukashuka hadi 60. Julai 2023 tukagawanywa makundi matatu: wenye hali mbaya zaidi asilimia 60, wa kati asilimia 30, na kundi la tatu, wanaosemwa wanajiweza, wakatolewa kabisa. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zikakatwa tena, na watu karibu milioni moja wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Sasa tuambieni, kati ya hizo tarehe, ni ipi ambapo mama alisahau kupanga matumizi?

Duara likipungua, kila kipande kinapungua. Huwezi kulikuza kwa kulichora vizuri zaidi.

Kuna ushauri mwingine unatuchekesha: "Nunueni kwa wingi, ni nafuu." Tunajua! Mafuta ya jerikani ni nafuu kuliko ya kifuko kidogo kinachofungwa dukani hapa kambini. Lakini jerikani inataka pesa yote mara moja, na kwenda Arua au Koboko na kurudi ni boda, na boda inakula ile nafuu yote. Kwa hiyo maskini ananunua kijiko kijiko, na kila kijiko anakilipia zaidi. Si ujinga huo. Ndivyo ukuta unavyofanana ukiwa umesimama upande huu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Tuwe wakweli pia. Wapo kati yetu wanaokunywa pesa ya watoto. Wapo vijana wenzetu wanaoweka kila kitu kwenye beti siku ya mechi. Hao tuwaseme, na tunawasema. Ila walevi wapo Arua mjini pia, na hatujaona mji mzima ukiitwa chini ya mwembe kufundishwa duara. Vikundi vya akiba vinasaidia, hatubishi, tumo humo. Lakini akiba inatoka kwenye kinachobaki. Pasipobaki kitu, kuweka akiba ni kulala njaa.

Kwa hiyo ninyi wenzetu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutufundisha kutumia, tuulizeni tunakosa nini, kisha kapu lipangwe hivyo, au mtupe pesa mkononi tuchague wenyewe, na ifike kwa wakati. Pili, gharama ya kusaga na ya njia zihesabiwe, maana zinatoka kwenye sahani ya mtoto. Tatu, mtu asiandikwe "anajiweza" kwa sababu alionekana akiuza mahindi.

Na sisi tunaoshika maikrofoni tuna deni letu. Tulitafsiri tusi tukaliita somo, kwa sababu tulitaka ile posho ya nauli. Na sisi tulipiga hesabu ya shilingi ya mwisho siku ile, na aliyelipa ni mama zetu. Mafunzo yakirudi, kabla hatujatafsiri neno la kwanza, tutauliza swali la yule mama kwa Kiingereza, kwa sauti, na tutangoja jibu.